Kwaru wa mnazini na kasuku wa tunduni: uchague yupi ukiwa Malindi au Lamu

Jua likianza kupanda, makundi madogo ya ndege wa kijani hukatiza juu ya minazi ya Gede na Watamu, yakienda mbio na kupiga kelele nyembamba za kukwaruza. Hao ni kwaru, kasuku wetu wa pwani, ingawa wengi huwaita kasuku tu. Mjini nako, uani au chini ya ngazi, kuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayengoja mtu amwondolee kitambaa kilichofunika tundu lake. Ulinganisho huu ni wa mtu anayejiuliza kama amfuge mmoja nyumbani au atosheke na hawa wa nje. Ni wa yule pia ambaye tayari anaye, kwa kurithi au kwa kupewa, na hajui amfanyieje.

Jibu tulitangulize. Kama huna kasuku, usitafute. Nguvu hizo zitie kwenye miti ya shambani, na kwaru watakuja wenyewe. Kama unaye, usimfungulie mlango aende zake. Mbadilishie maisha hapo hapo alipo.

Ndege wenyewe si wamoja

Watu hulinganisha kasuku wa porini na wa tunduni kana kwamba ni ndege yuleyule aliyebadilishiwa makao. Kwetu sivyo. Kwaru kichwa-kahawia, ambaye wanasayansi humwita *Poicephalus cryptoxanthus*, ana urefu wa sentimita 22 hadi 25 na uzito wa gramu 120 hadi 150 hivi, yaani ni mwepesi kuliko embe dogo. Mwili ni wa kijani, kichwa cha kahawia, na akiruka utaona rangi ya manjano chini ya mabawa. Hiyo ndiyo alama ya kumtambulia. Makao yake ni ukanda wa pwani kutoka Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Ukipanda na mto Galana kuelekea Tsavo Mashariki unakutana na ndugu yake, kwaru tumbo-chungwa, ambaye dume lina tumbo la rangi ya chungwa na jike halina.

Kasuku wa kijivu ni mzito mara tatu hivi: urefu kama sentimita 33, uzito gramu 400 hadi 500. Kwao ni misitu ya mvua ya nchi tambarare kuanzia Cote d'Ivoire, kupitia Kamerun na Kongo, hadi Uganda, na ukingo wa mwisho kabisa upande wa mashariki ni Kakamega. Hakuwahi kuwa ndege wa pwani. Kwa hiyo kila kasuku wa kijivu aliyeko Malindi au Lamu aliletwa na mtu, na hapa hana mahali pa kurudi.

Siku ya ndege: saa za kazi na saa za bure

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo wafugaji wengi wanapokosea bila kujua.

Kwaru huamka kabla ya jua, akatoka na wenzake mahali pa kulala, akaruka hadi kwenye mti unaozaa siku hizo. Kila siku ana mti wake: mkuyu wenye tini mbivu, mgunga wenye maganda, mbuyu, mnazi uliofungua karara ambao maua yake yana asali. Kila punje lazima aichume, aishike kwa mguu, aigeuze, aivunje ganda kwa mdomo, ndipo aimeze. Vidole vyake viwili hutazama mbele na viwili nyuma, kwa hiyo mguu hushika kama mkono. Mdomo nao humfaa kama mguu wa tatu anapopanda tawi. Kazi hiyo humchukua saa nyingi za asubuhi, na jioni anaianza tena. Mchana wa jua kali hukaa kivulini, akachambuana manyoya na mwenzake. Hapati nafasi ya kuchoshwa na maisha.

Kasuku wa tunduni huwekewa bakuli. Kwa dakika kumi na tano amekwisha kushiba. Saa kumi na moja za mchana zilizobaki azifanyie nini? Akili ni ileile, mdomo ni uleule uliotengenezwa kwa kuvunja vitu, na kitu cha pekee kilicho karibu naye ni manyoya yake mwenyewe. Ndiyo maana ukamwona kasuku kifua kitupu kama kuku aliyenyonyolewa, kichwa tu ndicho kimebaki na manyoya kwa sababu mdomo hauwezi kukifikia. Watu hutafuta dawa ya ngozi. Mara nyingine kweli ni ngozi, au vimelea, au ini, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Lakini ikionekana kuwa hana maradhi, basi dawa ni kazi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuitengeneza kwa vitu vya hapa. Chukua vifuu viwili vya nazi, toboa kila kimoja tundu la sentimita mbili, vifunganishe, ndani weka mbaazi zilizopikwa na kipande cha papai, vining'inize kwa mnyororo mfupi wa chuma kisichoshika kutu. Mpe karara kavu ya mnazi airarue. Mfungie chakula ndani ya jani la mgomba au kipande cha kuti bichi. Ganda la mbuyu lililobaki na unga wake huweza kumshughulisha asubuhi nzima. Jihadhari na nyuzi: kamba iliyochakaa hutoa nyuzi nyembamba zinazojisokota kwenye kidole na kuzuia damu, kidole kikafa. Kamba ya makonge ikianza kufumuka itupe. Anza na fumbo jepesi ambalo chakula kinaonekana, kwa sababu ndege aliyezoea bakuli miaka kumi hajui kwamba chakula hutafutwa. Ukimwanzia na gumu atakaa na njaa. Mpaka ajue, bakuli lisiondoke.

Kuhusu nafasi, mabawa ya kasuku wa kijivu yakikunjuliwa hufika karibu nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Tundu lenye upana wa sentimita 45, na hayo ndiyo mengi madukani, halimruhusu hata kujinyoosha. Kwa ndege mmoja tunahesabu tundu la upana wa sentimita 100, kina 60 na kimo 120 kuwa mwanzo wa kuzungumza, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 2.5 ili kichwa kisipenye. Upana ni bora kuliko kimo, kwa sababu ndege huruka kwenda mbele, hapandi wima. Tundu la mviringo halimfai. Hana kona ya kujisikia salama. Na hata hilo kubwa ni la kulala tu. Kila siku atoke saa tatu au nne ndani ya chumba kilichofungwa, feni ikiwa imezimwa, sufuria za moto hazipo, na paka wametolewa nje. Lamu hilo la paka si dogo: mkwaruzo mmoja wa paka huweza kumuua ndege kwa siku moja au mbili, kwa sababu ya bakteria walio mdomoni na kuchani mwake, hata jeraha likiwa halionekani.

Vijiti vya kusimamia visiwe vya plastiki wala vya unene mmoja. Mguu ukishika unene uleule usiku na mchana hupata vidonda chini. Kata matawi ya mpera au mwarobaini, mengine sentimita 2, mengine 4, yaache na magamba yake, yaoshe na kuyaanika juani. Atayala magamba, ndiyo faida yake.

Chakula

Kwaru hula kinachoiva. Hilo tu linampa mabadiliko ambayo mfugaji hawezi kuyaiga kikamilifu. Kosa la tunduni linalojirudia ni bakuli la alizeti na karanga mwaka mzima. Alizeti ina mafuta mengi na kalsiamu kidogo, haina vitamini A ya kutosha, na ndege ataichagua kuliko chochote, kama mtoto na peremende. Matokeo huchukua miaka kuonekana: ini lenye mafuta, mdomo unaokua kupita kiasi, madoa meupe kinywani, mafua yasiyokwisha. Kasuku wa kijivu ana udhaifu wake wa pekee: kalsiamu ya damu ikishuka hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti, hupata kifafa. Wenye nyumba hudhani amerogwa au amepigwa na jua.

Karanga na mahindi yana hatari nyingine ambayo pwani yenye unyevu tunaijua vizuri: ukungu. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, ndiyo ileile iliyoua watu Ukambani mwaka 2004. Kwa ndege wa nusu kilo kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu ini. Karanga za ganda ndizo hupata pia vumbi la ukungu linaloingia mapafuni. Kama huwezi kuila wewe mwenyewe bila wasiwasi, usimpe.

Kasuku wa kijivu anahitaji jumla ya gramu 40 hadi 50 kwa siku. Nusu iwe mboga: mchicha, sukuma wiki, karoti, boga na viazi vitamu vilivyopikwa. Robo iwe nafaka na jamii ya kunde zilizopikwa zikaiva, kwa maana maharagwe mabichi yana sumu. Robo inayobaki ni matunda, mbegu kidogo, na tunda la mchikichi ukilipata, kwani ndilo chakula chake cha asili na lina vitamini A tele. Pilipili anaila bila kuisikia ukali, usishangae. Kwa kalsiamu, pwani tuna bahati: ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni ndio uleule unaouzwa madukani kwa bei. Uloweke kwenye maji baridi siku tatu au nne ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha ufunge kando ya kijiti.

Parachichi usimpe hata kipande. Huua moyo wake. Chokoleti, kahawa, chai, kitunguu, chumvi na vyakula vya kukaanga ni vya kumnyima pia, na hapa wageni ndio wa kuwaangalia, kwa sababu kila anayekuja hutaka kumpa kipande cha sambusa. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Kwa joto letu, maji yaliyoingia mabaki ya chakula yanageuka supu ya bakteria kabla ya adhuhuri.

Hewa ya nyumba ya Kiswahili

Jambo hili halimo kwenye maelekezo mengi ya ufugaji kwa kuwa yameandikwa na watu wasiofukiza nyumba zao.

Ndege hapumui kama sisi. Ana mifuko ya hewa, kwa kawaida tisa, na hewa hupita mapafuni upande mmoja, akivuta na akitoa. Ndiyo inayomwezesha kuruka bila kuishiwa pumzi. Lakini kifaa kinachochota oksijeni vizuri hivyo huchota na sumu vizuri vilevile. Kwaru juu ya mnazi ana upepo wa bahari. Kasuku aliye ndani ana chetezo cha ubani magharibi, udi siku ya wageni, dawa ya mbu ya kuwasha usiku, jiko la makaa uani, na marashi ya kupuliza. Kila kimoja peke yake humkera. Vyote pamoja kwa miaka humpa mapafu ya mvutaji sigara.

Hatusemi nyumba iache kufukizwa. Tundu lihamishwe: chumba cha juu kinachopitisha upepo, au roshani yenye kivuli, na arudishwe moshi ukishaisha wote. Tundu likining'inizwa jikoni, mhamishe leo. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni kikavu hutoa mvuke usio na harufu ambao huua ndege kwa dakika chache ukiwa umekaa naye na husikii kitu.

Chumvi ya bahari nayo hula tundu. Wavu uliopakwa zinki ukianza kuota unga mweupe, ndege hung'ata unga huo na kumeza. Dalili za sumu ya zinki ni kutapika, kinyesi cha majimaji, kiu, na kulegea miguu. Wavu mpya usuguliwe kwa brashi ngumu na siki, usuuzwe, uachwe juani. Ukianza kubabuka, dawa ni kuutupa tu. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini Malindi na Lamu ndicho kinachodumu.

Jua lenyewe anahitaji kulipata moja kwa moja, dakika 20 hadi 30 asubuhi kabla ya saa nne, tundu likiwa na sehemu ya kivuli ajikinge. Kioo cha dirisha huzuia mionzi ile inayomtengenezea vitamini D, kwa hiyo kumweka dirishani si kumpa jua. Usiku apate giza na utulivu wa saa 10 hadi 12. Runinga ya sebuleni hadi saa sita ya usiku humchosha kila siku ya maisha yake.

Sauti

Wengi humtaka kasuku aongee. Basi ni vizuri kujua kwa nini anaongea. Porini kasuku wa kijivu hujifunza milio ya kundi lake, na mlio huo ndio kitambulisho chake. Tunduni kundi lake ni nyie, kwa hiyo hujifunza sauti zenu: salamu, kikohozi cha babu, mlio wa simu. Kinachomsukuma kuongea ni kutafuta wenzake. Ukimwacha peke yake kutwa nzima, kipaji hichohicho hugeuka mayowe.

Akili yake si ya kubahatisha. Kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg wa Marekani kuanzia 1977 hadi alipokufa 2007, alijua maneno zaidi ya mia, yakiwemo majina ya vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita. Ndege mwenye akili hiyo ukimweka peke yake kwenye tundu la sentimita 45, anaelewa yaliyompata.

Kwaru wetu kwa upande wake haigi sana. Anayemnasa kwa tamaa ya kumfundisha «karibu mgeni» anapata ndege mwoga, anayeng'ata, asiyesema. Ukimtazama mtini, kelele zake zina maana: mlio wa kuondoka, mlio wa kuita, na ukimya wa ghafla pale kipanga anapopita.

Anatoka wapi huyo wa tunduni

Kasuku hutaga mayai machache. Wa kijivu hutaga mawili hadi manne, huatamia karibu siku 30, na makinda hukaa pangoni, yaani kwenye shimo la mtini, wiki 11 au 12 kabla ya kutoka. Tena hawezi kuchimba pango. Hutegemea tundu la asili kwenye mti mkubwa. Wawindaji wanaoupata mti huo huubomoa, au hutega kwa ulimbo kwenye miti ya kulalia, wakanasa kundi zima usiku mmoja. Waliofuatilia biashara hiyo Afrika Magharibi wamekadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 66 ya walionaswa hufa kabla ya kusafirishwa. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kasuku wa kijivu wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, ndege huyu aliingizwa Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku.

Kwa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamhusu kasuku wa kijivu na kwaru pia. Kumweka bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, hata kama ulipewa na mjomba na hata kama ulilipa. Kinda la kwaru linalouzwa kando ya barabara limetolewa pangoni. Ukilinunua kwa huruma, unamlipia muuzaji safari ya pango linalofuata. Liache, na upige ripoti ofisi ya KWS iliyo karibu.

Anayetaka lazima ndege wa kufuga ana njia ya katikati: bajerigari, wale kasuku wadogo wa asili ya Australia, wa gramu 30 hadi 40, waliozaliana matunduni kwa vizazi vingi. Hawamo kwenye orodha za CITES. Wawe wawili, tundu la upana wa sentimita 80 au zaidi, na huishi miaka 5 hadi 10. Mengi tuliyoyasema ya hewa na chakula yanawahusu vilevile.

Miaka nayo ihesabiwe. Kasuku wa kijivu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Mwenye umri wa miaka 45 anayechukua kinda leo anamwachia mtu mwingine kazi hiyo, na mtu huyo awe ameulizwa. Ndege hawa hushikamana na mtu mmoja. Mtu huyo akiondoka hukataa kula.

Kama tayari unaye

Kumwachia hewani si kumkomboa. Hajui kuitafuta tini, hamjui kipanga, mabawa hayana nguvu, na kwao ni mbali kilomita mia kadhaa. Akifa ni siku tatu au nne. Asipokufa, anaweza kuwaletea kwaru virusi vya maradhi ya manyoya na mdomo ambavyo hawavijui. Naivasha ni mfano wa upande mwingine: cherero, kasuku wadogo sana, wa aina mbili za Tanzania waliotoka matunduni walizaliana pale mpaka sasa ni mchanganyiko usiotenganishika, na wanagombea mapango na ndege wenyeji.

Kwanza, nenda KWS ujue hali ya kibali chako. Pili, daktari wa mifugo ampime homa ya kasuku, maradhi ya bakteria *Chlamydia psittaci* ambayo humpata na binadamu. Tiba ya ndege ni doksisaiklini siku 45 mfululizo. Wengi huacha wiki ya pili akichangamka, na maradhi hurudi. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, amwambie daktari kuwa kuna ndege nyumbani, maana bila hivyo atatibiwa malaria.

Tatu, nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime kila wiki asubuhi kabla ya kula, uandike. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye huliwa. Ukimwona amejikunyata na kujitutumua manyoya, amekuwa mgonjwa siku nyingi. Mizani haidanganyiki: wa gramu 450 akipungua gramu 45, usingoje kesho. Nne, usimkate mabawa. Kasuku wa kijivu ni mzito. Aliyekatwa huanguka kama jiwe na kupasua ngozi ya kifua. Tano, chakula kibadilishwe kwa wiki sita hadi nane, alizeti ikipunguzwa kidogo kidogo huku mizani ikitazamwa.

Kama huna, na una shamba au ua

Kwaru wanapungukiwa na mapango kuliko chakula. Hawachimbi, huingia penye kuoza au palipoachwa na gogota. Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba kama 420, bado una miti mikongwe ya kuwatosha wengi, lakini nje ya msitu kila mti mzee unaokatwa kwa makaa ni nyumba imebomolewa. Mbuyu wenye mashimo usikatwe. Mwembe mkongwe uliotoboka uachwe.

Mnazi uliokufa ukiwa umesimama ni pango zuri, ila una gharama ambayo hatutaificha: ndani ya gogo linalooza huzaliana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi mizima. Kwa hiyo acha gogo moja tu, mbali na minazi michanga, na mbali na nyumba kuliko urefu wake, kwa sababu kusi litakuja kuliangusha. Lililoanguka lichomwe.

Kwa asiye na mti mzee, sanduku linafaa. Mbao za unene wa sentimita 2, ndani 25 kwa 25, kimo 45 hadi 50, mlango wa duara sentimita 7 hadi 8 karibu na juu. Ndani, chini ya mlango, pigilia vipande vya mbao kama ngazi, la sivyo makinda hayatatoka. Toboa matundu manne madogo chini ya kupitishia maji, weka maranda ya sentimita 5 hadi 8. Usiweke vumbi la msumeno, hushika unyevu na ukungu. Lifungwe mita 5 au zaidi juu, mlango ukitazama kaskazini au magharibi ili mvua za kusi zisiingie. Nyuki wakilitangulia, na hutokea sana, mwite mfuga nyuki awahamishie mzingani, usiwachome.

Weka karai la maji ya kina cha sentimita 4 juu ya jiwe lililo wazi, maji yabadilishwe kila siku mbili ili viluwiluwi vya mbu visipate muda. Mabaki ya chakula yafunikwe: kunguru wa Kihindi, ambao KWS ilitangaza Juni 2024 mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, huvamia viota na kula mayai na makinda, na jaa lako ndilo linalowaleta. Mkuyu panda sasa; utachukua miaka, lakini ukizaa huleta kwaru, hondohondo na njiwa kwa wakati mmoja.

Ukilima mahindi au mtama, kwaru watakula. Kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege, kunahitajika wiki tatu tu, punje zinapokuwa na maziwa, hasa saa mbili za mwanzo wa asubuhi na saa mbili za mwisho wa jioni. Debe na vibanzi vya mfuko wa nailoni unaong'aa huwafukuza siku chache, kisha huvizoea, kwa hiyo vihamishwe kila siku ya tatu. Mashina ya mstari wa ukingoni, yale yaliyo karibu na miti, ndiyo hushambuliwa kwanza. Ukiweza, panda huko muhogo na mahindi uyaingize ndani.

Wa kuwaona hahitaji zaidi ya subira na mahali pa kukaa. Fika ukingo wa msitu upande wa Gede kabla ya saa moja asubuhi, au saa kumi na moja na nusu jioni, simama jua likiwa mgongoni kwako, usikilize kwanza. Mlio hutangulia, manjano ya chini ya bawa hufuata.